Kupima Mkono

Jumamosi, saa moja na nusu, nyuma ya vilima vya Ihumwa,
upepo umeamka kabla yetu.
Juu ya meza, kanga iliyochakaa,
na bastola tatu zimelala ubavu, magazini nje, matumbo wazi.
Nyemo ananionyesha kila chemba kwa kidole:
"Tupu. Tupu. Tupu. Sema na wewe."
Nasema: tupu.
Hapa hata salamu huanza hivyo.

Wenye nazo wamejipanga kama washenga.
Lameki wa Nkuhungu anaisifia yake, ndefu, chuma kitupu:
uzito wake unameza teke, anasema,
risasi ya pili inatua kabla ya kwanza haijapoa.
Mhandisi Sudi anaiita hiyo nyundo.
Yake ni ya plastiki, nyepesi, inabeba risasi kumi na saba,
haijawahi kukwama, hata masika ile ya matope.
Ya tatu haina mshenga.
Ni ya klabu, imechubuka mdomo,
mpini wake umezungushiwa tyubu ya baiskeli.

Nikiri: nilishachagua kabla sijafika.
Wiki nzima nililala na ile ndefu kichwani.
Kipya kinyemi, na mimi ni mtu wa kinyemi.

Naishika. Kidole kinatembea, kinatembea,
kinakifikia kifyatulio kwa ncha ya ukucha,
kama mtoto anayeinyooshea mkono rafu ya sukari.
Nabana meno. Najifanya kimefika.
Nyemo habishani. "Fumba macho.
Elekeza kwenye bamba. Fumbua."
Nafumbua: mlengo wa mbele umepotelea kushoto,
unachungulia Mtumba.
Mara ya pili, Mtumba.
Mara ya tatu, Mtumba tena.

Hapo namkumbuka mama, shambani Hombolo, msimu wa kupogoa,
akinipokonya mkasi mwekundu niliouonea fahari dukani:
"Mzabibu hauoni rangi, unaona kiganja.
Matawi mia nne kabla ya adhuhuri;
mkasi usio wako utakukata wewe kwanza."
Nilibisha. Jioni malengelenge yalipasuka,
na kila tawi nililolikata
lilikuwa limechanika, halikukatika.

Ya Sudi ni nyepesi, kweli.
Inaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba.
Bamba la kwanza linalia. La pili linanicheka.

Basi iletwe ile isiyo na mshenga.
Mpini unanuka jasho la watu nisiowajua.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, sikatai.
Lakini fumba, elekeza, fumbua:
mlengo upo, katikati ya dirisha lake dogo,
umeketi kama mtu aliyekuwa akinisubiri
nimalize maringo.
Fumba tena. Upo.
Kidole kimefika, na bado kina pumzi.

"Uko tayari?" Saa inalia.
Mabamba sita, hatua nne kulia, kubadili magazini nyuma ya pipa;
magazini inagoma, inaingia,
nakosa moja, nalirudia, linaanguka.
Sekunde kumi na nne na nukta tatu.
Lameki hutumia saba.
Hakuna anayepiga makofi. Nyemo anaandika.

"Tupu," nasema, namwonyesha chemba.
"Tupu," anaitikia.
Nauliza bei.
Haiuzwi, ananiambia, hiyo ni ya klabu;
katafute ndugu yake, na kibali cha polisi, na subira,
na usinunue kitu kinachokulazimisha ujifanye mrefu.

Sudi anafunga sanduku lake akipiga mluzi.
Lameki anaifuta ile ndefu kwa kitambaa cheupe,
taratibu, na mimi bado naitazama, sitadanganya.
Kisha nanyoosha vidole vyangu juani,
vifupi, vumbi limekaa kwenye mikunjo,
navihesabu kimoja kimoja
kana kwamba ndiyo kwanza nakabidhiwa.